Chupa Nane Safi

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Pokea salamu za mama yako, na wala si zangu peke yangu. Bibi yako anakusalimu; amekaa hapa kitandani ananichungulia nikiandika, anasema mistari yangu inapanda mlima. Kaka yako anakusalimu, mguu wake umepona na ameshaanza kushuka tena mtoni. Wifi yako anakusalimu, na mapacha wake pia: yule wa kwanza meno ya mbele yameng'oka, na yule wa pili amelia siku tatu kwa kuwa ya kwake hayajang'oka. Mjomba wako anakusalimu, bado ni mlinzi pale ofisi ya maji na bado anagombana na kile kiti chake cha miguu mitatu. Fundi cherehani wetu wa hapa jirani, huyo sina salamu zake wiki hii.

Mimi ni mzima. Macho yanaona sindano, ila nyuzi nyembamba za nyavu zinanisumbua kidogo. Bibi anauliza swali lake lile lile. Anasema udaktari umeshamaliza, tena ule wa kusoma tu usiotibu hata mafua, sasa huko unasoma nini tena? Nimemwambia ni utafiti wa baada ya udaktari. Akaniuliza, "Baada ya udaktari mtu anakuwa nani, rais?" Nijibie wewe.

Sasa mwanangu, kaa chini kwanza.

Jumatatu wamekuja watu wanne na gari jeupe. Wamebeba vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, wakaanza kuvipigilia kando ya mto, kutoka kwenye mawe mpaka chini ya daraja. Kimoja wamekipigilia nje ya chumba changu cha nyavu, pale pale mlangoni, nikitoka nakiruka. Mchana tukaitwa ukumbini. Afisa wa maji akatusomea kwamba mto wetu umekufa. Alisema hivyo hivyo, umekufa, hauna kiumbe ndani yake. Kwa kuwa umekufa, maji yatakatwa huko juu na kupelekwa kwenye mashamba ya kampuni kwa mfereji, na huku kwetu kitabaki kitanda cha mawe. Kaka yako akasimama akasema, "Mheshimiwa, asubuhi hii nimetoa samaki kumi na saba, walikuwa maiti?" Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Akainua karatasi akasema, "Mimi sisemi kitu, utafiti ndio umesema. Tena aliyetafiti ni mtoto wenu wenyewe."

Akasoma jina lako. Majina yote matatu, lako, la baba yako na la babu yako.

Mwanangu, nilihisi kama mtu amenimwagia ndoo ya maji ya baridi mgongoni. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikasema kwa sauti, "Majina hufanana."

Niambie kwamba majina yamefanana. Watatia saini tarehe 30 Aprili, palepale ukumbini.

Chupa yako ya mwezi huu kutoka mtoni, ya nane sasa, nimempa dereva wa lori, yule tunayemwita Haraka kwa sababu hajawahi kufika mapema popote. Nimeitengeneza vizuri kama kawaida yangu. Inang'aa kama machozi.

Mama yako


Maabara, 19 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Msalimie bibi, shikamoo yake ifike, na mwambie baada ya udaktari mtu anakuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Msalimie kaka, wifi, mapacha na mjomba. Mimi sijambo. Chumba changu cha kazi hakina dirisha, lakini kina friji tatu na taa nyeupe zisizozimwa, na chupa zako zimepangwa kwenye rafu mbele yangu.

Majina hayakufanana, mama. Ni mimi.

Nisikilize taratibu kabla hujakasirika. Kazi yangu ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kuhesabu viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe mtoni. Wao ndio hutangulia kuumwa maji yakiharibika, na hutangulia kupona yakipona. Mguu wa pili ni uchumi: kukadiria mto una faida gani kwa watu, samaki wake, maji ya kunywa, bustani, hata kazi yako ya nyavu. Ninaunganisha hayo mawili. Mto wenye uhai una thamani kubwa, na anayetaka kuuchukua lazima aonyeshe atakachowaachia watu. Nilitaka kuwalinda, mama. Hiyo ndiyo ilikuwa nia.

Unamkumbuka fundi wa maabara aliyekuwa akija na wavu mdogo? Kwa miezi minne chupa zake zilikuwa na viumbe zaidi ya mia mbili kila moja. Kisha akahamishwa, na kuanzia mwezi uliofuata hapakuwa na kitu. Sifuri. Miezi saba, sifuri. Nilishtuka mpaka nikakosa hamu ya kula. Nikatafuta sababu na nikaipata: kile kiwanda cha ngozi kilichoko upande wa juu wa mto. Nikaandika. Watu wengi wamesoma, nimealikwa kuzungumza sehemu tatu. Lakini ile hesabu yangu ya thamani, ukiweka sifuri upande wa uhai, na upande wa thamani unashuka karibu na sifuri. Kampuni imeisoma hivyo: mto ambao hauna kitu, ukichukuliwa hakuna anayepoteza. Sikujua wataitumia hivyo. Kusema kweli, mama, sikujiuliza.

Mwambie kaka asiwape watoto wale samaki mpaka nijue zaidi.

Ni mimi mwanao,
Kitinda

Nilikuwa nimeshaifunga barua hii, nimeifungua tena. Chupa ya nane imefika. Nimeiinua kwenye taa. Mama, hata mchanga hamna. Hata jani. Niandikie unavyoijaza, hatua kwa hatua, toka unapotoka mlangoni. Usiruke kitu hata kama unakiona kidogo.


Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu Kitinda,

Bibi yako anakusalimu na anasema mkataba wa mwaka mmoja mmoja hata yeye angeweza kuupata bila kusoma. Kaka yako ameipokea salamu yako, akaenda kulitazama birika anamohifadhi samaki wake. Wifi yako anakusalimu. Mapacha wanasalimu, meno ya yule wa pili sasa yanacheza, furaha ndani ya nyumba hii huwezi kuisimulia. Mjomba anakusalimu, wamempa kiti kipya na hakimpendi.

Umeniandikia kama mwalimu anayemwandikia mzazi wa mtoto mtoro. Sijakasirika. Ila nimeisoma mara nne, na kila nikifika kwenye "ni mimi" moyo unaruka.

Kitu kimoja sikielewi. Unasema kiwanda cha ngozi ndicho kilichoua. Kiwanda kipi, mwanangu? Kile kimefungwa tangu mwaka juzi. Geti lake limeota majani na mbuzi wanalala kwenye ofisi ya meneja. Nilidhani unajua. Lakini hujaja nyumbani mwaka wa nne huu, ungejuaje.

Haya, umetaka hatua kwa hatua. Jumamosi ya kwanza ya mwezi naamka, nafunga kanga kiunoni, nachukua ule wavu mdogo alioniachia fundi. Kwanza naenda kivukoni, halafu penye mawe, halafu chini ya daraja. Nasimama ndani ya maji, nasugua mawe kwa mguu kama alivyonionyesha, na wavu unapokea vinavyotoka. Na vinatoka, mwanangu! Uchafu mtupu. Kuna vile vya mikia mitatu vinavyojipindapinda. Kuna watoto wa kereng'ende, wana sura mbaya hao, na midomo kama koleo. Kuna konokono wadogo kama punje ya mtama. Kuna ruba. Na kuna vile vinavyonichekesha, vinajijengea vijumba vya mchanga vikiwa ndani, ukivitikisa vinatoa kichwa kuona nani anabisha hodi. Wavu unajaa mpaka unakuwa mzito.

Fundi aliniambia, "Mama, tia kila kitu ndani ya chupa." Lakini yule ni mwanamume na alikuwa na haraka. Mimi nikajiuliza, chupa inakwenda kwa mwanangu, mbele ya maprofesa wake. Wakifungua wakakuta funza na matope, watasema huyu katoka nyumba gani? Mama yake hana hata chujio? Kwa hiyo nikifika nyumbani nachuja. Kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kitambaa cheupe nilichokitenga kwa kazi hiyo tu. Yale maji ndiyo naweka kwenye chupa, na ile spiriti ya kuhifadhia, na karatasi nimeandika kwa mkono wangu. Wale wadudu wote nawarudisha mtoni wakiwa hai, sijaua hata mmoja. Mapacha huwaaga.

Miezi yote nane nimefanya hivyo, sijakosa hata mmoja, hata ule mwezi niliokuwa na homa.

Nimeandika mpaka hapa nikaisoma tena barua yako, pale unaposema viumbe. Kitinda, wale viumbe unaohesabu ni hawa wadudu? Nimekosea mahali?

Mama yako


Maabara, 11 Aprili

Mama,

Barua yako imefika siku tisa tu, safari hii Haraka ametimiza jina lake.

Nimekaa sakafuni. Nimeegemea friji, chupa zako nane ziko mbele yangu zimejipanga, safi, na kila moja ina mwandiko wako. Nimeshindwa kulia na nimeshindwa kucheka.

Ndiyo, ni hao. Vya mikia mitatu. Vya vijumba vya mchanga. Hao ndio kazi yangu yote. Hao ndio mto.

Mama, hukukosea wewe. Nilipaswa kuja. Nilipaswa kukuuliza mwezi wa kwanza, siku ya kwanza nilipoona sifuri. Mtafiti yeyote angeuliza nani amechota na amechotaje. Na hapa lazima nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Kwenye fomu kuna mstari: "Aliyechota sampuli." Nimeandika "fundi msaidizi mwenye mafunzo." Sikuandika mama yangu. Niliona wataniuliza amesoma mpaka wapi. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza, na mimi sikutaka waulize, na ndiyo maana hata mimi mwenyewe sikuuliza.

Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Aprili, siku ile ile ya saini. Ile karatasi ya utafiti ndiyo iliyonipa jina hapa. Nikisema kilichotokea sijui kama kitabaki kitu.

Nakuomba usimwambie mtu bado. Hata bibi. Hata kaka. Nipe siku chache nifikiri.

Kitinda


Nyumbani, 20 Aprili

Mwanangu Kitinda,

Safari hii umesahau salamu, basi nitazitoa mimi kwa sisi wote. Bibi anakusalimu. Kaka anakusalimu, nimemlazimisha. Wifi yako na mapacha wanakusalimu, jino la yule wa pili limeng'oka juzi na amelifunga kwenye karatasi akutumie, nimemkataza. Mjomba anakusalimu.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa. Kwa hiyo ni mimi. Wala si kiwanda, wala si kampuni, wala si afisa na karatasi yake. Ni mimi niliyeua mto mzima kwa chujio la chai. Nilikwenda jikoni nikalitazama limening'inia msumarini. Kitu kidogo vile, kina kutu pembeni. Nimekunywa chai bila kuchuja tangu siku hiyo, majani yananikwama kwenye meno na sisemi kwa nini. Bibi yako anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nikashuka mtoni. Nikageuza jiwe. Wapo, wote wapo. Kile cha kijumba cha mchanga kikatoa kichwa kunitazama. Niliona haya, mwanangu, kama mtu aliyemsingizia jirani yake.

Nimenyamaza kama ulivyoniomba. Lakini nitakwambia ninanyamazia nini. Kaka yako ameanza kuzikata nyavu zake vipande awauzie watu wa bustani. Nyavu nilizoshona mimi, kila fundo nalijua. Wifi yako anamshika mkono, yeye anasema, "Za nini tena? Wifi yako msomi ameshatuzika." Anakuita wifi ya mkewe, ameshindwa hata kutaja jina lako. Fundi cherehani hanisalimu, siku nikipita anainamisha kichwa kwenye cherehani na hashoni kitu, gurudumu limesimama. Na afisa wa maji nilikutana naye njiani akanishika mkono akasema, "Mama, umezaa mtoto wa maana." Nikasema asante. Asante! Nikafika nyumbani nikaunawa mkono ule mara tatu.

La ile fomu nimelisoma. Sitalisema.

Ila niulize kimoja. Unaninyamazisha kwa ajili yangu, nisichekwe, au kwa ajili yako? Nikijua nitanyamaza vizuri zaidi.

Mama yako


Maabara, 25 Aprili

Mama yangu, shikamoo. Shikamoo tena, ya ile niliyoruka.

Kwa ajili yangu. Umeuliza, nimekujibu.

Barua yako niliisoma ngazini, sikumaliza hata kupanda. Nikageuka, nikaenda moja kwa moja kwa profesa wangu. Alikuwa akimenya chungwa. Nikamwambia, "Zile sifuri si za mto. Sampuli zilichujwa."

"Zilichujwa na nani?"

"Na mama yangu."

Akadhani hakusikia. "Mama yako nani?"

"Mama yangu mzazi, Profesa. Anashona nyavu. Aliona aibu kutuletea wadudu."

Kisu kikasimama katikati ya chungwa. Kisha akauliza, "Na fomu inasema fundi mwenye mafunzo. Kwa nini?" Nikasema, "Kwa sababu niliona haya na mimi." Akaliweka lile chungwa juu ya makaratasi, halijamenywa nusu, maji yakasambaa kwenye jedwali langu. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

Karatasi ya utafiti tumeiondoa. Nimeandika barua kwa ofisi ya maji, yenye saini yangu na ya profesa, kwamba utafiti ule usitumike kwa jambo lolote. Simu yao, ndiyo pekee hapo kijijini, haipokelewi. Kwa hiyo barua inakuja na Haraka, kwenye mfuko mmoja na hii yako. Mwombe Mungu asisimame njiani. Ya mkataba hawajasema kitu. Profesa ananipita kwenye korido kana kwamba nimepakwa rangi mbichi.

Ombi langu: chota chupa moja. Usichuje. Tia kila kitu.

Kitinda


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu Kitinda,

Bibi yako anakusalimu, kaka yako anakusalimu, na safari hii sikumlazimisha. Wifi yako, mapacha, mjomba, wote wanakusalimu. Fundi cherehani anakusalimu.

Barua yako nimeipata jana, tarehe moja. Haraka alikatikiwa ekseli njiani akalala siku mbili chini ya lori. Barua ya ofisi ya maji nayo ilikuwa mfuko huo huo, mjomba ameipokea getini jana asubuhi. Jana, mwanangu. Saini ilikuwa juzi.

Kwa hiyo sikujua umeshasema. Lazima uelewe hilo kabla sijaendelea. Nilivunja ahadi niliyokupa nikiwa najua ninaivunja.

Juzi nilitangulia mtoni. Nikasugua mawe sehemu zote tatu, nikamimina wavu kwenye beseni jeupe, nikalifunika kwa kile kitambaa, nikaweka chujio juu. Ukumbini walikuwa wameshakaa, wageni wa kampuni mbele na kalamu zao, meza imetandikwa kitambaa. Nikapita katikati. Afisa akaniona akatabasamu, "Mama, hiki ni kikao cha maji, si jiko."

Watu wakacheka. Nikasema, "Basi utanisamehe, mheshimiwa, maana mto wenu umepimwa jikoni kwangu."

Kicheko kikakatika kama kilichokatwa na mkasi. Nikaeleza. Nikaonyesha chujio. Nikasema binti yangu hakudanganya, alihesabu alicholetewa, na aliyemletea ni mimi, niliona aibu na wadudu. Nikaliweka beseni juu ya makaratasi yao nikafunua. Mgeni mmoja wa kampuni akaruka na kiti chake. Walikuwa wanajipinda humo, wanapandana, ruba mmoja akaanza kupanda ukingo kuelekea kalamu ya afisa. Bibi yako, sijui hata alifikaje, akapaza sauti toka nyuma, "Hao ndio marehemu?"

Kaka yako alikuwa amesimama ukutani. Nilimwona ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaja akasimama pembeni yangu.

Hawakutia saini. Wamesema mpaka waje wapimaji wao wenyewe, wachote wenyewe, mwezi wa saba. Mto haujapona, usije ukadhani nimeshinda. Vigingi bado vipo, changu cha mlangoni bado nakiruka. Lakini wapimaji wao wakija watakuta mimi nimeshafika, nimekaa kwenye jiwe nawatazama.

Wanaonicheka wapo. Mapacha wamepigana shuleni kwa ajili ya chujio. Acha wacheke.

Chupa yako hii hapa. Imejaa, inatisha, usiifungue ukiwa unakula. Niliwaomba radhi kabla ya kuwamiminia spiriti, na kile cha kijumba cha mchanga nilishindwa, nimekirudisha, kwa hiyo kwenye hesabu yako ongeza kimoja. Na kwenye karatasi ya chupa, pale pa aliyechota, nimeandika kwa herufi kubwa: MAMA YAKE. DARASA LA TATU. Wakitaka kuuliza, waniulize.

Sasa moyo wangu umebaki huko kwako. Tarehe thelathini imepita na sijui la mkataba wako. Mlango wa maabara bado unakufungukia? Kama haufunguki, wavu ninao mmoja tu, lakini mawe ni mengi. Haraka anaondoka kesho asubuhi, nimemwambia asithubutu kurudi bila jibu lako. Niandikie upesi, hata mstari mmoja, hata kwenye ile karatasi iliyolowa maji ya chungwa.

Mama yako